Mjomba ameacha albamu 43 za stempu, na nyumbani hatuelewani kuhusu kuziuza

Mpwa wa Albamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na nyumbani tumeshindwa kulizungumza bila mmoja wetu kunyanyuka na kuondoka.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, amefariki miezi saba iliyopita. Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kuna chumba ambacho tangu utotoni tuliingia kwa ruhusa tu, mikono ikiwa imenawiwa na kukauka. Humo kuna albamu 43 za stempu, makasha sita ya bahasha kuukuu, kioo cha kukuzia, vibano vitatu vya ncha bapa na taa yake ya mezani. Alikusanya kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Nyumba inauzwa na lazima iwe tupu. Mdogo wangu anasema tufungue milango siku mbili, kila kitu kibandikwe bei, kibaki kinachobaki. Mama hataki hata albamu moja itoke. Tukamwita mthamini. Alikaa saa moja na nusu, akafungua albamu nane tu kati ya hizo 43, akataja kiasi ambacho kilimfanya mama aingie jikoni na kufunga mlango. Akaongeza kwamba anaweza kutuondolea zote kwa mkupuo, kwa hesabu ya makasha.

Kuna mambo mawili zaidi. Kwanza, pembeni mwa karibu kila stempu mjomba aliandika herufi kwa penseli, ndogo sana. Mahali pengine ni TAO, SO, ZA, TH, zimefuatana kama ngazi, na pengine NK peke yake. Tulidhani ni vifupisho vya nchi lakini havilingani na nchi yoyote. Pili, kwenye karatasi ya kwanza ya albamu ya kwanza ameandika kwa wino maneno mawili: Tunza kesho. Mama anasema huo ndio wosia wake, na mwenye kuuza atakuwa amemkaidi marehemu.

Nifanyeje? Na je, kuna aliyewahi kupita hapa?

Karani wa Mnada

Pole sana, dada. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye meza ya kupokelea vitu katika nyumba ya mnada, na watu wa hali yako nimewaona wengi. Wengine huja na sanduku, wakaliweka mezani, kisha wakashindwa kuondoa mkono juu yake.

Nianze na ya haraka kabla hujaharibu kitu. Usisafishe chochote. Stempu iliyo kwenye bahasha usiibandue, maana mara nyingi muhuri wa posta na safari ambayo bahasha ile ilipitia vina thamani kuliko stempu yenyewe. Hayo makasha sita ndiyo ningeyafungua kwanza. Usitumie gundi ya utepe. Kama kuna sarafu, usizisugue hata kama ni nyeusi, kwa sababu sarafu iliyosuguliwa hushuka bei papo hapo. Na usitupe karatasi: risiti, barua za wauzaji, daftari, hata kipande kilichoandikwa tarehe tu.

Sasa njia zenyewe. Kuuza nyumbani kwa siku mbili tatu, kila kitu na kibandiko chake, kunafaa kwa viti, vyombo, nguo na mashuka. Siku ya kwanza bei husimama, siku ya mwisho hukatwa hadi nusu au zaidi ili nyumba ibaki wazi. Lakini jua ni nani husimama mlangoni alfajiri ya siku ya kwanza. Ni wafanyabiashara. Wanajua kitu gani mwenye nyumba hakijui, na wanakwenda moja kwa moja kwenye rafu hiyo. Mkusanyiko wa kitaalamu haupaswi kuuzwa hivyo kamwe, nalisema hili kwa nguvu.

Mnadani, vitu hugawanywa kwenye mafungu, kila fungu na namba na makisio yake. Unaweza kuweka bei ya chini ambayo isipofikiwa fungu halitoki. Soma mkataba kabla ya kusaini: kamisheni inayokatwa kwako, ada ya picha, bima, usafirishaji, na nini hutokea fungu lisipouzwa. Mnunuzi naye hulipa nyongeza juu ya bei iliyogongewa nyundo. Nyumba kubwa mbili za London, Christie's na Sotheby's, zilianza kutoza nyongeza hiyo mwaka 1975 na karibu wote wakafuata. Kwa hiyo anayenyoosha mkono tayari ameshapunguza ada hiyo kichwani mwake. Anayeumia ni wewe.

Kuhusu mthamini: albamu nane kati ya 43 si uthamini. Tafuta wa pili, mjuzi wa stempu, na asiwe mtu anayetaka kununua. Ila nikuandae. Huenda wa pili naye akataja kiasi kidogo. Stempu nyingi za katikati ya karne iliyopita zilichapwa kwa mamilioni, na watu waliziweka wakiamini zitapanda. Leo vilivyowekwa ni vingi kuliko wanaovitafuta. Hata mashuhuri hushuka. Ile stempu ya senti moja ya British Guiana (Guyana ya leo) ya mwaka 1856, ambayo inajulikana kubaki moja tu duniani, iliuzwa karibu dola milioni 9.5 mwaka 2014. Mwaka 2021 ilipata milioni 8.3.

Mrithi wa Vitabu

Dada, nakuomba usifanye haraka kama nilivyofanya mimi.

Baba alikuwa na vitabu vilivyojaa vyumba viwili. Nilikuwa na wiki moja ya likizo na hasira nyingi, kwa sababu vitabu vile vilikula muda wake na sisi tukiwa watoto. Nikamwita mtu mmoja, akaja na gari, jioni nyumba ikawa nyeupe. Mwaka mmoja baadaye nikakuta picha za kitabu chetu kimoja mtandaoni, kikiuzwa, na muuzaji ameandika kwa fahari kwamba pembezoni kuna maelezo ya kalamu ya msomaji makini. Nikakuza picha. Ni mwandiko wa baba. Kumbe miaka yote alikuwa akibishana na kurasa, akiandika tarehe, akitaja majina yetu, na mahali pamoja ameandika kwamba mwanangu ameniuliza swali hili leo. Mwanangu huyo ni mimi.

Sikuweza kukirudisha, kilikuwa kimeshauzwa. Sijutii kuuza. Ninachojutia ni kuuza bila kufungua, na hilo sijamwambia mtu hadi leo.

Mzee wa Sarafu

Wanangu, poleni. Mimi nina miaka 74 na bado nipo hai, kwa hiyo niwasemee waliolala.

Nilianza kuuza sarafu zangu mwenyewe miaka minne iliyopita. Kila ninapotoa moja naona bei ninayopewa ni dharau. Kuna wataalamu watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, walioandika mwaka 1990 kuhusu jaribio lao: waliwagawia baadhi ya wanafunzi vikombe vya kawaida, wengine hawakupewa, kisha wakauliza bei. Waliokwisha kuwa na kikombe walitaka kama mara mbili ya kile ambacho wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kikombe chenyewe walikuwa wamekaa nacho dakika chache tu! Sasa piga hesabu ya mtu aliyekaa na kitu miaka hamsini.

Lakini nimejifunza jambo. Ninapokaa na mnunuzi na kumsimulia sarafu ilikotoka, nimeipata kwa nani, kwa nini naipenda kuliko dada yake, mkono unafunguka wenyewe. Nisipopata wa kumsimulia, nairudisha mfukoni. Bei nimeshaisahau.

Mfaransa mmoja, Edmond de Goncourt, alilielewa hili. Yeye na mdogo wake Jules walikusanya michoro na sanaa ya karne ya 18. Jules akatangulia mwaka 1870. Edmond alipofariki mwaka 1896, wosia wake ulisema hataki vitu vyao vizikwe ndani ya jumba la makumbusho na kutazamwa na wapita njia wasiojali. Alitaka vipigwe mnada vyote, ili furaha aliyoipata akivinunua kimoja kimoja aipate mtu mwingine mwenye ladha kama yake. Vikauzwa Paris mwaka 1897, na fedha zikaingia katika kuanzisha chama cha waandishi ambacho hadi leo hutoa tuzo yenye jina lake.

Mwambie mama kwamba mnada si lazima uwe tusi kwa marehemu. Wapo waliouomba wenyewe.

Mtunza Kumbukumbu

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo naomba nipingane nawe. Mkusanyiko ukivunjwa hauwezi kurudi. Stempu mia tano zilizopangwa na mtu mmoja kwa miaka hamsini zinaeleza jambo ambalo stempu moja moja haiwezi kulieleza: alitafuta nini, alikataa nini, alianza kujua lini. Ukizitawanya, umefuta sentensi ukabaki na maneno. Kwa nini usitafute makumbusho au maktaba izipokee zote pamoja? Hans Sloane alipofariki mwaka 1753, wosia wake ulitaka mkusanyiko wake wa vitu zaidi ya 71,000 upewe taifa, na warithi walipwe pauni 20,000. Ndio uliozaa British Museum. Angesema vigawanywe, leo tungekuwa na nini?

Karani wa Mnada

Ndugu, hoja yako ni nzito na ninaiheshimu. Lakini Sloane alikuwa mmoja. Nimewasindikiza warithi wengi hadi kwenye makumbusho na jibu huwa lilelile kwa maneno ya upole: stoo zimejaa, hatuna mtu wa kuorodhesha, tutachukua vipande vitatu. Na pale wanapopokea vyote, vinaweza kukaa kwenye makasha miaka mingi bila kuonwa na mtu.

Hata wosia haulindi. Mkusanyaji mkubwa kuliko wote katika stempu, Philipp von Ferrary, alikuwa na ile ya British Guiana niliyoitaja. Alifariki mwaka 1917 akiwa ameuachia mkusanyiko wake jumba la makumbusho ya posta la Berlin. Ila albamu zilikuwa Paris, vita vinaendelea, na serikali ya Ufaransa ikazikamata kama mali ya adui. Kuanzia 1921 zikapigwa mnada mara 14. Kile alichotaka kibaki pamoja ndicho kilichotawanyika dunia nzima. Na nikwambie ukweli, wakusanyaji waliokuja baada yake waliishi kwa mabaki ya minada ile.

Upande wa pili yuko Thomas Phillipps, Mwingereza aliyefariki mwaka 1872 akiwa na hati za mkono zipatazo 60,000. Aliweka masharti kwamba zisihamishwe kutoka kwenye nyumba yake. Warithi wakabaki na nyumba ya gharama na rafu wasizoruhusiwa kuzigusa, mpaka mahakama ikalegeza masharti. Minada ikaanza 1886, na kuzimaliza hati zile kulichukua zaidi ya miaka mia moja. Watu waliozaliwa baada ya kifo chake walizeeka wakiuza vitu vya Phillipps.

Mtunza Kumbukumbu

Sawa, nimekuelewa. Basi angalau ziorodheshwe na kupigwa picha kabla hazijatoka, kila ukurasa, pamoja na maandishi ya penseli. Hilo halihitaji ruhusa ya makumbusho yoyote.

Mzee wa Sarafu

Hapo umenena, mwanangu. Na maandishi ya penseli yamenikosesha usingizi jana.

Dada mwanzisha uzi, nisikilize kwa makini. Wafanyabiashara wa vitu vya kale wana desturi ya zamani ya kuandika bei waliyonunulia kwa herufi, ili mteja asijue. Huchagua neno au maneno mawili yenye herufi kumi ambazo hakuna hata moja inayojirudia. Herufi ya kwanza ni 1, ya pili ni 2, hadi ya tisa, na ya kumi ni 0. Wakusanyaji wengi walijifunza kwao. Mimi mwenyewe ninalo neno langu, na mke wangu analijua.

Sasa hesabu herufi za hayo maneno mawili ambayo mama anayaita wosia.

Mpwa wa Albamu

T, U, N, Z, A, K, E, S, H, O.

Ni kumi. Hakuna inayojirudia.

Nimekaa sakafuni na albamu ya kwanza mapajani, nimeshindwa kuinuka. Nitarudi.

Mpwa wa Albamu

Samahanini kwa kimya cha siku tisa. Nilikuwa nasoma. Ndiyo, sasa ninaweza kuzisoma.

TAO ni 150. SO ni 80. ZA ni 45. TH ni 19. Chini ya kila kundi la herufi, ukitumia kioo, kuna tarakimu mbili za mwaka. Kundi la kwanza ni bei aliyonunulia. Yanayofuata si ununuzi. Kila baada ya miaka minane au tisa mjomba alikaa chini, akapitia albamu zote 43, akaandika upya thamani ya kila stempu kwa soko la wakati ule. Na karibu zote zinashuka. 150, kisha 80, kisha 45, kisha 19. Ukurasa baada ya ukurasa.

Alijua! Sisi tulidhani mthamini amemtukana, na mdogo wangu alikuwa ameanza kusema kwamba mjomba alidanganywa na wauzaji maisha yake yote. Kumbe alijua kabla yetu sote, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko uleule mdogo uliotulia, halafu Jumamosi iliyofuata akarudi mezani na kibano chake. Hakuzishika kwa ajili ya fedha. Nimejaribu kuwaza ilikuwaje kwake usiku ule wa kuandika TH mahali palipokuwa na TAO, na sidhani alihuzunika. Mstari unaofuata ameandika kwa lugha ya kawaida, kuhusu vijino vya ukingo wa stempu: meno ya upande wa kulia hayalingani, angalia tena. Bado alikuwa anachunguza.

Ndani ya makasha sita nimekuta pia barua zake za kupandisha dau kwa njia ya posta. Anaandika kiasi cha juu anachoweza kutoa, anafunga bahasha, anasubiri majuma.

Karani wa Mnada

Hizo barua usizitenganishe na albamu. Wauza stempu walikuwa wakiendesha minada ya barua tangu karne ya 19, na baadhi yao walikuwa na kanuni kwamba aliyetaja kiasi cha juu ndiye anayeshinda, lakini analipa kiasi cha mtu wa pili. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alieleza kwa nini kanuni hiyo humfanya mtu aseme ukweli wa moyo wake: hana haja ya kujifanya anataka kidogo. Kama mjomba alinunua kwa minada ya namna hiyo, basi kiasi kilicho ndani ya bahasha zile ni kipimo cha jinsi alivyokitaka kitu, wakati kundi la kwanza la herufi za penseli ni alicholipa. Linganisha.

Na kwa upande wa kuuza, umepata hazina. Mkusanyiko wenye rekodi kamili ya ununuzi na thamani kwa miaka hamsini unaweza kuuzwa kama fungu moja kwa mtu anayetaka historia ya soko lenyewe. Mwombe mnadi aandike hivyo kwenye katalogi. Sisemi utatajirika. Nasema atakayenunua atakuwa anajua anachonunua.

Mrithi wa Vitabu

Nimesoma huku nalia. Je, mama umemwambia?

Mpwa wa Albamu

Nimemwambia juzi. Niliogopa. Nilidhani nikimweleza kwamba wosia wake ni ufunguo wa bei, nitakuwa nimemnyang'anya kaka yake mara ya pili.

Alisikiliza kimya. Akaniomba nimletee kioo. Akaanza albamu ya kwanza, anasoma herufi kwa sauti na mimi namtajia namba, mpaka mchana ukaisha. Kwenye albamu ya 17 tukakuta bahasha, si stempu. Bahasha ndogo, nzima, imepigwa muhuri, anwani ya mjomba imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Mama akauinua ukurasa karibu na taa. Ni mwandiko wake. Alimwandikia kaka yake akiwa na miaka kumi na mmoja, mara ya kwanza kulala mbali na nyumbani.

Pembeni mjomba ameandika herufi moja tu, O. Hakulipia kitu. Na chini yake hakuna kingine. Mara zote alizopitia albamu zote akiandika bei upya, bahasha ile aliiruka.

Mama ameichukua, iko kwenye Kurani yake. Zilizobaki zote, pamoja na makasha na barua, zinakwenda mnadani mwezi ujao kama fungu moja, na picha za kila ukurasa tumeshapiga. Mdogo wangu ndiye aliyepiga, kurasa zaidi ya elfu mbili, peke yake.

Jana mtu wa mnada aliuliza kama tungependa kuitoa ile karatasi ya mbele yenye maneno mawili, tubaki nayo kama kumbukumbu. Nikamtazama mama, kwa sababu nilitaka sana kusema ndiyo.

Mama akasema, "Iacheni humo humo. Atakayenunua atasomaje?"